Chokaa, Kauri na Masizi: Habari za Jiko la Nyumba ya Pwani

Mtu aalikwaye katika nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu hupandishwa daraja kwa daraja katika mapambo yake. Hupita daka, ambalo ni la kila mja apitaye njiani, huvuka tekani, huingia kiwandani, yaani ua wa ndani, penye mwanga wa mbingu, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kila chumba kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia na kimezidi kupambwa, hata afikapo ndani, chumba cha bibi wa nyumba, ambacho zamani hakukikanyaga mgeni asiye wa nasaba, huukuta ukuta mzima umefanyizwa vidaka vya chokaa, ambavyo wenyewe huviita zidaka, safu juu ya safu, vyeupe kama tui, vyenye nakshi nyembamba zilizokatwa na mkono wa fundi kabla chokaa haijakaza. Hapo hudhani amefika ukomo wa nyumba. Kumbe iko ngazi nyingine, nyembamba na ya giza, ipandayo mpaka juu kabisa, chini ya paa la makuti, na huko ndiko kwenye kidari cha meko, yaani jikoni. Na huko hakuna zidaka wala nakshi wala niru, bali kuta tupu zilizovaa masizi ya vizazi vingi.

Kwa nini watu waliojua kupamba kiasi hicho, watu ambao hata birika la maji ya kuogea walilitia bakuli la kauri chini yake, ili samaki wadogo waliofugwa humo kwa kula viluwiluwi vya mbu wapate mahali pa kujihifadhi maji yanapopungua, waliliacha jiko lao bila pambo lolote? Jibu lijalo upesi mdomoni ni moshi, na jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni habari ya nani aliyekuwa akisimama mbele ya meko, nayo ndiyo niliyokusudia kuieleza. Kwa sababu leo, ambapo mwenye nyumba atakaye kuitengeneza upya huanzia jikoni, akauliza atie vigae gani na rangi gani, aghalabu hufikiri kwamba jiko la kupendeza ni jambo lililoletwa na meli kutoka Ulaya, ilhali vitu vingi vya kulipamba vilikuwako pwani hii kwa karne nyingi, vikingojea ngazi moja tu chini ya meko.

Mama wa mapambo yote ya nyumba ya pwani ni chokaa, na mama wa chokaa ni bahari. Jiwe lijengalo nyumba hizi ni la namna mbili. La kwanza ni mwamba mgumu wa nchi kavu, ambao ni matumbawe ya zama za kale yaliyoachwa juu bahari iliposhuka. Hukatwa machimboni, na kwa Lamu machimbo yake yako ng'ambo ya maji, kisiwani Manda, mahali palipoitwa Maweni kwa sababu iliyo dhahiri. La pili ni tumbawe bichi, likatwalo chini ya maji bahari ikipwa, ambalo litokapo majini huwa laini na kukubali tezo kama ubao, kisha likipigwa na jua na upepo hukaza. Ndilo lililochongwa miimo ya milango na kingo za mihrabu toka Kilwa na Songo Mnara hata visiwa vya Lamu.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyaunguza matumbawe hayo hayo. Watu wa tanuri hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaacha uwazi katikati wa kutilia moto, kisha juu yake hurundika mawe yaliyovunjwavunjwa, na moto ukishawashwa huwaka usiku kucha kwa joto la kadiri ya digrii 900, mpaka tanuri lote linazama na kuwa kilima cha majivu na mawe meupe. Moto huo haulainishi jiwe tu, bali hulinyang'anya sehemu ya nafsi yake, maana katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 huondoka zikiwa hewa. Ndiyo sababu jiwe lililotoka motoni huwa jepesi mkononi, na likitiwa maji hufoka, likavimba, likatoa joto la kuunguza, kisha likalegea likawa unga. Fundi mwenye subira hakuitumia chokaa hiyo siku ile wala mwezi ule. Aliifunika, akaiachia mvua na umande, kwa kuwa chokaa iliyokaa hulainika na kushikana, na chokaa ya haraka hupasua ukuta. Ikishapakwa, huvuta tena kutoka hewani kile kile ilichonyang'anywa na moto, siku hata siku, mwaka hata mwaka, mpaka inarudi kuwa jiwe; basi ukuta wa chokaa, kwa hakika, ni tumbawe lililovunjwa na kuumbwa mara ya pili kwa sura aitakayo mwanadamu.

Ukutani chokaa ilipakwa kwa mikono kadhaa. Ile ya chini ilichanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ikajaza mashimo ya jiwe. Ya juu ilikuwa chokaa tupu iliyochekechwa, ndiyo iitwayo niru, ambayo fundi mwashi aliisugua kwa mwiko wake ingali mbichi mpaka ikawa laini kama ganda la yai. Chini ya miguu kulikuwa na sakafu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni paa. Lakini kwetu limeteremka hadi miguuni, kwa sababu dari ya chumba cha chini ilikuwa ndiyo sakafu ya chumba cha juu, na paa bapa na sakafu vilijengwa kwa ufundi mmoja: boriti za mikoko zilipangwa, juu yake yakatandazwa mawe membamba, kisha kokoto na chokaa, halafu watu wakaitwanga kwa vipande vya miti kwa siku kadhaa, huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Na kwa kuwa boriti haikuweza kubeba uzito huo ikiwa ndefu, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake haukuzidi mita 3 hivi. Hata leo, mtu atakaye kuweka meza na makabati ya kisasa katika jiko la nyumba ya namna hiyo hugombana na kipimo kilichoamuliwa na mti wa mkoko.

Weupe huo ndio uliokuwa uso wa miji yetu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliandika katika shajara ya safari kwamba nyumba za mji huo ni ndefu, zimepakwa chokaa vizuri na zina madirisha mengi, akaufananisha na mji mmoja wa kwao Ureno. Alichokiona yeye kilikuwa ni cha nje. Fakhari yenyewe ilikuwa ndani, nayo ilikuwa ya buluu juu ya nyeupe.

Vidaka vilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kubeba kauri. Mfanyabiashara wa pwani aliyeuza pembe za ndovu, ambari na boriti alirudishiwa nguo na vyombo, na miongoni mwa vyombo hivyo zilikuwako kauri za China, ambazo nyingi zilipita mikono ya wachuuzi wa Bara Hindi na Ghuba kabla ya kushushwa katika bandari zetu. Katika magofu ya Gede, mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alikuta vipande vya kauri kwa wingi, hata nyumba moja ikaitwa kwa jina la bakuli la kauri lililookotwa humo. Wala kauri hazikukaa majumbani tu. Zilijengewa katika kuta za misikiti pembeni mwa mihrabu, na zilitiwa katika nguzo za makaburi, kama ionekanavyo Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi. Sahani iliyokuwa ya kulia wali ikapewa kazi ya kumtukuza maiti. Walikuwako wazee walioamini kwamba chombo kilichowekwa ukutani hupokea jicho la hasidi na kupasuka badala ya mwenyewe. Na mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha jinsi mji wa Pate ulivyokufa, miongoni mwa mambo aliyoyachagua yalikuwa ni hayo madaka ya sahani, yaliyogeuka malazi ya makinda ya ndege. Maana msikilizaji wake alijua vema kuwa nyumba ambayo vidaka vyake vimekuwa viota, imekwisha.

Unguja nayo ilikuwa na ada hiyo. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa sultani, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni na ambaye kitabu chake cha kumbukumbu kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza vyumba vya wakubwa wa siku zake: kuta zilizogawanywa kwa vidaka virefu kutoka chini hadi darini, vyenye mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu ya mbao hizo zimepangwa bilauri na kauri zilizo bora, wala gharama haikuhesabiwa. Katika karne hiyo ya 19 kauri za China zilipata mshindani, nazo ni bakuli za udongo zilizotengenezwa Maastricht, Uholanzi, zilizopigwa maua ya rangi kali kwa ajili ya masoko ya mbali, na ambazo bei yake ilimwezesha hata mtu wa wastani kuwa na safu yake ukutani. Mpaka leo zimo katika nyumba za Unguja, Mombasa na Lamu, na mara nyingi aliyerithi bakuli hilo hudhani ni la China.

Basi na tuipande ile ngazi ya mwisho.

Jikoni mlikuwa na mafiga, matatu kwa kila chungu, na majivu yaliyokuwa hayapoi. Mlikuwa na vyungu vya udongo na makaango, na sufuria za shaba kwa siku za karamu. Mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kukamulia tui. Kinu na mchi. Jiwe la kusagia viungo, lililoingia bonde katikati kwa kusuguliwa. Ungo, kawa, upawa, mwiko, kata ya kifuu, na mitungi ya maji ambayo mtu alikuwa ameibeba kutoka kisimani na kuipandisha ngazi zote zile. Kutoka kwenye mapaa lilining'inia susu, lililokiweka chakula mbali na paka na panya. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili: joto na moshi viliondoka bila kupita katika vyumba vya kulala, pepo za kaskazi na kusi zilipita chini ya makuti, na moshi uliopenya katika makuti uliyahifadhi na wadudu. Aidha wanawake waliokuwa juu waliweza kupata habari za nyumba ya pili bila kushuka njiani, na palipokuwa na wikio, yaani kivuko cha juu ya njia kiunganishacho nyumba mbili, waliweza hata kuvuka. Kwa hiyo masizi yale, ambayo nimeyataja mwanzo kana kwamba ni aibu, yalikuwa na manufaa yake, na haifai mtu wa leo kuyadharau.

Na chakula kilichotoka katika kuta hizo nyeusi hakikuwa duni. Ibn Battuta, aliyeshuka Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuja Mombasa na Kilwa, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli katika chano kikubwa cha mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mtindi yaliyoandamana na malimau ya achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Hakuna hata kitu kimoja katika karamu hiyo ambacho mpishi wa pwani wa leo angekishangaa. Salme naye ameandika juu ya wingi wa vitu vilivyoingia katika majiko ya babake: samaki ambao mmoja alibebwa na watu wawili, samaki wadogo wakipokewa kwa vikapu, unga na mchele na sukari kwa magunia, na samli iliyoletwa kwa mitungi kutoka Sokotra. Mimi nikisoma habari hizo huwaona wale watu wawili waliomchukua yule samaki. Majina yao hayakuandikwa.

Hapo ndipo nusu ya pili ya jibu ilipo. Katika nyumba ya mwungwana wa Lamu, Pate, Mombasa au Unguja, bibi wa nyumba alijua mapishi, aliamuru, alionja, na pengine alitengeneza kwa mkono wake kitu cha anasa kama halua ya Idi. Lakini aliyekaa mbele ya moto toka alfajiri hadi isha alikuwa mjakazi au mtwana. Chokaa iliyosuguliwa, kauri zilizopangwa, nakshi, vyote vilikuwa ni lugha ya kusemeza jaha na nasaba, na lugha haisemwi mahali ambapo mwenye kuisema hakai na mgeni wake hafiki. Mgeni wa kiume aliishia daka. Jamaa waliishia ndani. Kidari cha meko hakikutazamwa na mtu yeyote aliyehesabiwa kuwa na macho. Ni rai yangu, nami naishika kwa yakini, kwamba ukuta wa jikoni ulibaki mweusi kwa sababu ya moshi kwanza, na kwa sababu ya utumwa zaidi.

Ushahidi wa rai hii uko katika nyumba za wasio na watumwa. Katika nyumba ya kiambaza, yenye kuta za fito na udongo, mwanamke alipika mwenyewe uani kwake, na ijapokuwa alikuwa na moshi ule ule na kuni zile zile, hakuliacha jiko likae vyovyote. Alilikandika. Alichota udongo mzuri, akaukanda kwa maji, akaupaka kwa kiganja kwa mviringo, akaziba nyufa, akasawazisha kingo za meko, na alama za vidole vyake zikabaki ukutani kama maandishi. Na udongo ulipochakaa alirudia. Kazi hiyo haikuitwa mapambo, nayo haina makumbusho, wala hakuna msafiri aliyeiandikia shajara. Hata hivyo ndiyo mwanzo wa jiko lililopambwa katika nchi zetu, na ni dhuluma kuuanza mwanzo huo mahali pengine.

Kisha hukumu ya utumwa ikaondolewa: Unguja na Pemba mwaka 1897, isipokuwa masuria, ambao hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mambo hayakugeuka kwa siku moja, kwani wengi waliokuwa watumwa walibaki kwa mabwana wao kwa kukosa pa kwenda. Lakini kidogo kidogo wakaondoka, wakajenga, na huko Unguja wengi walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori. Nyuma yao wakaacha majiko makubwa yasiyo na mtu, na mabibi ambao mama zao hawakupata kuchochea moto wakaanza kuzipanda ngazi zile wenyewe, au wakaliteremsha jiko hadi kiwandani, wakaweka seredani ya makaa mahali palipokuwa mafiga. Na mtu anapokaa mahali kutwa, huanza kupatazama.

Nyumba mpya zilizoenea Ng'ambo, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilikuwa na sura moja: ukumbi katikati kutoka baraza ya mbele hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake uani, wenye jiko, choo na kisima au mfereji. Jiko la uani lilikuwa la wote waliopanga humo, kila mwanamke na pembe yake, na hapo pakazuka murua wa aina mpya, kwa kuwa pembe ya kila mmoja ilionekana na mwenziwe. Madebe ya mafuta ya taa yakanyooshwa yakawa mbao za kuwekea vyombo. Masinia na sahani za bati zenye maua, ambazo zilichukua nafasi ya kauri kwa wasioziweza, zikaegemezwa ukutani kwa mpango, kubwa nyuma na ndogo mbele, kwa namna ambayo mtu aliyepata kuona vidaka vya Lamu hawezi kukosa kuitambua. Yamkini wenyewe hawakujua kwamba wanafuata dasturi ya mabibi. Macho yao yalijua.

Na kila mwaka ikaja chokaa. Waliolelewa katika nyumba hizo wanaikumbuka harufu yake, harufu ya mvua juu ya jiwe la moto, iliyojaa mitaani katika siku za mwisho za Shaabani, wakati kila uani ulikuwa na pipa la chokaa iliyolowekwa na kila mtoto alikuwa na madoa meupe mikononi. Jiko lilipakwa la kwanza, madhali mwezi wa Ramadhani ni mwezi wa jikoni kuliko miezi yote. Watu walitia buluu ya kufulia kidogo ili weupe ushtuke, na wengine wakazidisha makusudi mpaka ukuta ukawa rangi ya mbingu ya asubuhi. Gharama yake ilikuwa ndogo, kazi yake ilikuwa ya siku moja, na faida yake ilikuwa kubwa: chokaa iliua wadudu na kuvu, ilifuta masizi ya mwaka mzima, na ilirudisha mwanga katika chumba ambacho aghalabu kilikuwa na dirisha dogo. Sijui rangi nyingine yoyote iliyowahi kumtendea mwanamke maskini wema kama huo.

Kilichoipindua chokaa ni maji. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliyavuta maji kwa mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji mpaka mjini, na baada yake mifereji ikaenea katika miji mingine; na maji yalipofika jikoni penyewe, yakawa ya kumwagika na si ya kuchota kwa kata, ukuta wa chokaa na sakafu ya udongo vikashindwa. Ndipo saruji ilipopata mlango. Mwanzo ilikuja kwa meli, ikawa ghali. Lakini kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilipoanza kuitoa mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966, ikawa kitu cha dukani. Bamburi husaga na kuchoma mwamba ule ule wa matumbawe ya kale ambao watu wa tanuri walikuwa wakiuunguza kwa magogo, ila sasa kwa joto kali zaidi na pamoja na udongo, na kitokacho hakingojei mvua wala umande, bali hukaza kwa siku chache.

Jiko la saruji lilikuwa na uzuri wake, nami nisingependa usahauliwe. Sakafu ilitiwa rangi nyekundu ingali mbichi, ikapigwa pasi kwa mwiko wa chuma, kisha ikasuguliwa kwa nta kila Ijumaa mpaka mtu akajiona uso humo. Ukuta ulipigwa lipu, na nusu yake ya chini ikapakwa rangi ya mafuta, kijani au buluu au kahawia, ili uweze kupanguswa, na nusu ya juu ikaachiwa chokaa. Mstari uliozigawa nusu hizo ulipigwa kwa uzi, na fundi alihukumiwa kwa unyofu wa mstari wake. Waliojaliwa zaidi walitia terazo. Vigae vyeupe vilianzia nyuma ya karo la kuoshea vyombo, vikapanda ukutani, vikazunguka jiko lote, na siku hizi havitoki katika orodha ya mtu yeyote ajengaye, pamoja na mawe ya graniti juu ya makabati.

Lakini nyumba za mawe zilidhurika. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu upandao kutoka ardhini, na chumvi iliyomo katika jiwe lenyewe, hutoka taratibu kupitia chokaa na kukauka nje. Saruji huufunga ukuta huo kama mtu aliyezibwa pua. Unyevu usipopata njia hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na baada ya miaka michache lipu huanguka vipande vipande ikiwa imeshikana na ngozi ya jiwe, hata ncha za boriti zilizozikwa ukutani zikaanza kuoza. Rangi ya mafuta na vigae hufanya vivyo hivyo. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, yote miwili ina nyumba nyingi zilizougua maradhi haya, na mara nyingi ugonjwa umeanzia jikoni na chooni, mahali ambapo mwenye nyumba alitaka kufanya hisani. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji na aweke vigae apendavyo. Mwenye nyumba ya matumbawe, namsihi kwa mapenzi, na amwite kwanza fundi wa chokaa.

Mafundi hao bado wapo, na jambo la kufurahisha ni kwamba kazi yao imepanda bei. Nyumba nyingi za Lamu na Shela zilizotengenezwa upya katika miaka hii, za wenyeji na za wageni, zina majiko ambayo mama zetu wasingeyaelewa: meza za kupikia zilizojengwa kwa mawe na kupigwa niru, kingo zake zimeviringwa, makabati hayana milango bali ni mashimo ya upinde ukutani, na mwanga unaingia kutoka kiwandani. Moshi haupo, kwa kuwa kuna gesi. Mtumwa hayupo. Vizuizi vyote viwili vilivyoyaweka mapambo ngazi moja chini vimeondoka, na chokaa imepanda.

Niliingia katika jiko moja la namna hiyo lilipokuwa linamalizwa, Lamu, katika nyumba ya mwanamke apikaye mwenyewe. Alikuwa amemwomba fundi amfanyizie vidaka vitatu juu ya meko, vidogo, vya upinde, visivyo na nakshi. Viwili alivikusudia kutia hiliki, mdalasini, bizari na pilipili manga. Cha tatu kilipimwa kwa bakuli, bakuli la bibi yake, lenye maua mekundu na ufa mmoja mwembamba ubavuni, lililotoka Uholanzi na kukaa miaka mingi ndani ya sanduku. Alikuwa amelishika mkononi tayari. Fundi aligusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, akasikia ubaridi wa maji yaliyomo, akamwambia, "Bado, mama. Ngoja ivute pumzi kwanza." Naye akakaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa, na bakuli lake pajani, akiutazama ukuta unavyobadilika kutoka kijivu kwenda nyeupe.